Urefu, Mzingo na Eneo: Namna ya Kujua Ukubwa wa Kiwanja Kabla Hujalipa



Kila likizo ya kiangazi ikimalizika, huja kwangu vijana, na wazee wenzangu pia, wametoka nyumbani Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mkononi wana karatasi ya kiwanja. Wananiletea mimi kwa sababu nilikuwa karani, na watu wanaamini kwamba karani anajua kila karatasi inasema nini. Kwenye karatasi hizo hukuta maneno kama "futi 40 kwa 60", au "mzunguko mita 100", au "nusu eka, kwa hatua". Mwenye karatasi anajua vizuri alicholipa. Alichonunua hakijui.

Kwa hiyo nimeona niandike mara moja, kwa utaratibu, mambo tuliyofundishwa skuli juu ya urefu, mzingo na eneo la mraba na mstatili. Si elimu ngumu. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Lakini ni elimu ambayo mtu mzima anaisahau wakati ule ule anapoihitaji, na mimi ni mmoja wa waliosahau, kama nitakavyoeleza mbele.

Vipimo vitatu, wala si kimoja

Urefu ni umbali kutoka nukta moja mpaka nyingine kwa mstari mmoja. Unaupima kwa rula, kwa kamba au kwa utepe. Jibu lake ni mita, futi, wari au dhiraa.

Mzingo ni jumla ya urefu wa pande zote za umbo, ukianza kwenye kona moja ukazunguka mpaka ukarudi pale pale. Neno hili linatokana na kuzinga, yaani kuzunguka. Mzingo nao ni urefu, ila ni urefu uliokunjwa. Kwa hiyo jibu lake pia ni mita au futi za kawaida.

Eneo ni ukubwa wa kile kilichomo ndani ya mzingo. Neno linatokana na kuenea. Eneo halipimwi kwa mstari, linapimwa kwa vijimraba. Mita moja ya mraba ni mraba ambao kila upande wake ni mita moja. Tukisema chumba kina mita za mraba 20, maana yake ni kwamba vijimraba 20 vya namna hiyo vingeijaza sakafu yake bila ya kubakisha nafasi na bila ya kupandana.

Kwa kina mama na kina dada, nitumie kanga. Kanga ina pindo inayozunguka pande zote nne, na ndani ya pindo upo mji. Ukifuata ukingo wa nje wa pindo kwa kidole mpaka urudi ulipoanzia, umepita mzingo wa kanga. Nguo yote inayokufunika, pindo na mji pamoja, ndiyo eneo. Hakuna mwanamke atakayenunua kanga kwa kupima ukingo wake peke yake. Lakini ardhi, ambayo ni ghali kuliko kanga elfu, watu wanainunua hivyo kila siku.

Mraba na mstatili

Mstatili ni umbo la pande nne ambalo kila kona yake ni pembe mraba, yaani nyuzi 90, na pande zinazoelekeana zina urefu ulio sawa. Upande mrefu tunauita urefu, na mfupi tunauita upana. Mraba ni mstatili ambao pande zake zote nne ziko sawa.

Sisi tunaoishi huku tunayasikia majina haya kwa Waarabu kila siku. Mraba ni jamaa wa neno la Kiarabu la nne, na mstatili ni kile kilichorefushwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Maskati akisoma Kiarabu skuli, maneno haya ya Kiswahili hayatampa taabu.

Hesabu zenyewe ni hizi:

Mzingo wa mstatili = 2 × (urefu + upana)
Eneo la mstatili = urefu × upana
Mzingo wa mraba = 4 × upande
Eneo la mraba = upande × upande

Tuchukue chumba cha mita 5 kwa 4. Mzingo wake ni 2 × (5 + 4), yaani mita 18. Eneo lake ni 5 × 4, yaani mita za mraba 20. Mzingo tumeupata kwa kujumlisha, na eneo kwa kuzidisha. Ukijumlisha mita kwa mita unapata mita. Ukizidisha mita kwa mita unapata mita za mraba. Mtu akikutajia eneo kwa mita tupu bila ya neno mraba, muulize tena.

Hesabu zinakwenda kinyume pia. Ukiambiwa mraba una mzingo wa mita 60, gawa kwa 4, upande ni mita 15. Ukiambiwa mraba una eneo la mita za mraba 400, usigawe kwa 4. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 400, nayo ni 20. Hicho ndicho kipeuo cha pili. Na ukiwa na eneo la mstatili na upande wake mmoja, gawa. Chumba cha mita za mraba 21 chenye upana wa mita 3 kina urefu wa mita 7.

Kuna maumbo mawili yanayowadanganya watoto. Mraba wa 4 kwa 4 una mzingo 16 na eneo 16. Mstatili wa 6 kwa 3 una mzingo 18 na eneo 18. Mtoto akikutana na hayo mwanzo, hudhani mzingo na eneo ni kitu kimoja. Katika namba kamili, ni hayo mawili tu yenye tabia hiyo, na hata hapo namba ndizo zimelingana, vitu vyenyewe havikulingana. Mita 16 za uzio huwezi kuzitandikia zulia.

Uzi wa futi 24

Nilisoma skuli ya misheni. Padri aliyetufundisha hesabu hakupenda kuona mtu anakariri kanuni asiyoijua maana yake. Wakati huo tulikuwa tukisoma kwa futi na inchi. Siku moja alitutoa nje uwanjani, akatugawa makundi sita, na kila kundi akalipa uzi wa katani wenye urefu wa futi 24 uliofungwa ncha zake. Akatuambia kila kundi litengeneze mstatili wa vipimo alivyowapa, likachore ardhini vijimraba vya futi moja ndani yake, livihesabu.

Matokeo tuliyaandika ubaoni, nami ninayakumbuka mpaka leo:

Futi 11 kwa 1, vijimraba 11
Futi 10 kwa 2, vijimraba 20
Futi 9 kwa 3, vijimraba 27
Futi 8 kwa 4, vijimraba 32
Futi 7 kwa 5, vijimraba 35
Futi 6 kwa 6, vijimraba 36

Uzi ni ule ule, futi 24 kwa kila kundi. Lakini kundi la kwanza lilipata vijimraba 11, na la mwisho 36, zaidi ya mara tatu. Hapo ndipo padri aliposema kwamba uzi haujui ndani kuna nini.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, maumbo mawili yanaweza kuwa na mzingo sawa na maeneo tofauti kabisa. La pili, katika mistatili yote yenye mzingo mmoja, ulio na eneo kubwa kuliko yote ni mraba. Kila umbo likizidi kuwa refu na jembamba, eneo lake linapungua, ingawa uzio ni ule ule.

Vipande viwili vya Tanga

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari niko huku Oman na kazi yangu ni kuandika vitabu vya bohari, mimi na dada yangu anayenifuata tuliamua kununua ardhi nje kidogo ya mji wa Tanga. Tulitoa pesa nusu kwa nusu. Muuzaji alikuwa na vipande viwili vilivyopakana, vimezungushiwa seng'enge. Akasema vipande hivi ni sawa, kila kimoja kimekula mita 200 za seng'enge, chagueni. Kimoja kilikuwa karibu na mraba, mita 50 kwa 50. Cha pili kilikuwa kirefu, mita 80 kwa 20, kimelala kando ya njia.

Nilipima mwenyewe. 50 mara 4 ni 200. 80 na 20 ni 100, mara mbili ni 200. Nikamwambia dada yangu kwamba muuzaji ni mkweli, viko sawa. Yeye akachukua kile cha kando ya njia kwa kuwa alikusudia kufungua duka, mimi nikachukua cha mraba. Tukaandikishana, tukapeana mikono.

Ilipita miaka kadhaa mpaka binti yake alipotaka kujenga, akamleta mpimaji. Ramani ilipotoka, kipande changu kiliandikwa mita za mraba 2,500, na cha dada yangu mita za mraba 1,600. Jioni ile alinipigia simu. Hakunifokea. Aliniuliza, "Kaka, kule kwa mapadri ulikwenda kusoma hesabu au ulikwenda kuimba?"

Sikuwa na jibu. Muuzaji hakusema uongo, seng'enge ilikuwa mita 200 kweli. Aliyesema kwamba vipande viko sawa, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, ni mimi. Na dada yangu hakupima kwa sababu aliniamini.

Tulipokaa kuitengeneza, ilizuka khitilafu nyingine, nayo inafaa kuelezwa kwa sababu hutokea katika mirathi na katika ushirika. Tofauti ya vipande ni 2,500 kutoa 1,600, yaani mita za mraba 900. Shemeji yangu akasema nimlipe dada thamani ya mita 900. Lakini ningekata mita 900 kwangu nikampa, yeye angekuwa na 2,500 na mimi 1,600, na dhulma ingekuwa ile ile, imegeuka upande tu. Njia ya sawa ni kujumlisha. 2,500 na 1,600 ni 4,100, nusu yake ni 2,050. Mimi nilizidisha 450, yeye alipunjika 450. Nilimlipa thamani ya mita za mraba 450 kwa bei ya ardhi ya siku ile ya kulipa, wala si kwa bei tuliyonunulia, kwa sababu khasara yake ilikuwa ya siku ile.

Tangu hapo, mtu akiniambia kiwanja kina mzunguko wa mita kadhaa, namwambia hiyo ni bei ya seng'enge. Nataka kujua ardhi.

Kiwanja cha mita za mraba 600

Sasa tugeuze. Tuseme eneo ni lile lile, na umbo ndilo linalobadilika. Tuchukue mita za mraba 600, ukubwa wa kiwanja ambao wengi wetu hapa Oman tunaujua.

Mita 25 kwa 24, mzingo mita 98
Mita 30 kwa 20, mzingo mita 100
Mita 40 kwa 15, mzingo mita 110
Mita 60 kwa 10, mzingo mita 140

Ardhi ni ile ile kwa wote wanne. Lakini mwenye kiwanja cha 60 kwa 10 atajenga mita 42 za ukuta zaidi kuliko mwenye 25 kwa 24. Hizo ni matofali, saruji na siku za fundi. Kwa hiyo ukipewa khiyari ya viwanja viwili vyenye eneo sawa, uliza pia mzingo. Eneo linakwambia unachomiliki, na mzingo unakwambia utakachotumia kukizungushia. Vyote viwili vinatakiwa, ila kila kimoja kina kazi yake.

Na serikali au jirani wakihitaji njia, usikadirie kwa jicho. Kiwanja cha 30 kwa 20 kikikatwa ukanda wa mita 2 upande wa mbele ulio na mita 20, unapoteza 2 × 20, yaani mita za mraba 40. Kinabaki 28 kwa 20, mita za mraba 560. Mzingo umeshuka kutoka mita 100 hadi 96 tu. Anayetazama ukuta ataona kama hakikupotea kitu.

Kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba

Aliyeingia nyumba za kale za Lamu au za Mji Mkongwe Unguja ameona vyumba virefu kama korido. Sababu yake ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, takriban futi 9, pungufu au zaidi kidogo. Miti hiyo hiyo ilipakiwa kwenye majahazi Lamu na Rufiji ikaletwa huku Ghuba, ambako Waarabu huiita chandal. Ndiyo maana nyumba za kale za pwani ya Ghuba nazo zina vyumba vya upana ule ule. Miti ya kwetu ilipima vyumba vya huku.

Mwenye nyumba aliyetaka ukumbi mkubwa hakuweza kuongeza upana, aliongeza urefu. Tuseme alitaka futi za mraba 225. Kwa upana wa futi 9 ilimbidi ajenge urefu wa futi 25, na mzingo wake ni futi 68. Laiti angepata boriti ndefu, angejenga mraba wa futi 15 kwa 15, eneo lile lile 225, kwa mzingo wa futi 60. Zile futi 8 zaidi za ukuta wa mawe na chokaa zilikuwa gharama ya mti kuwa mfupi.

Dhiraa, wari, futi na mita

Wazee wetu walipima kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari. Dhiraa nne ni pima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa. Shibiri na dhiraa ni maneno ya Kiarabu, na mzee wa Oman ukimtajia atakuelewa bila ya mkalimani. Kwa vipimo vya Kiingereza, shibiri ilihesabiwa inchi 9, dhiraa inchi 18, wari futi 3, na pima futi 6. Ubaya wake ni kwamba mkono wa muuzaji si mkono wa mnunuzi.

Vipimo vya leo ni hivi. Futi moja ni sentimita 30.48. Mita moja ni futi 3.28. Lakini mita moja ya mraba si futi za mraba 3.28, ni 10.76, kwa sababu 3.28 inazidishwa kwa 3.28. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kiwanja cha futi 40 kwa 60 kina futi za mraba 2,400. Ukigawa kwa 10.76 unapata mita za mraba 223. Nimeona karatasi ambayo mtu amegawa kwa 3.28 akaandika mita za mraba 732. Kwa kosa la kalamu, kiwanja kimekua zaidi ya mara tatu, na bei ikakua pamoja nacho.

Eka moja ni futi za mraba 43,560, sawa na mita za mraba 4,047 hivi. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, karibu eka mbili na nusu. Eka ikiwa mraba, kila upande wake ni karibu mita 63.6. Bara watu husema eka ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo si mbaya kama hatua ni wari moja kamili, kwani 70 mara 70 ni 4,900, na eka ni wari za mraba 4,840. Lakini hatua ya mtu wa kawaida akitembea taratibu inaweza kuwa sentimita 75. Hatua zake 70 ni mita 52.5, na 52.5 kwa 52.5 ni mita za mraba 2,756. Umelipa eka nzima, umepata karibu asilimia 68 yake. Kila hatua ilipungua sentimita 16 tu, lakini upungufu uliingia katika urefu na katika upana pia, ukazidishana, na karibu theluthi ya shamba ikapotea.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi katika kuongeza na kupunguza. Zulia la mita 3 kwa 3 lina mita za mraba 9. La mita 6 kwa 6 halina 18, lina 36. Ukizidisha kila upande mara mbili, mzingo unakuwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne. Na ukikata kila upande nusu, hupati nusu ya shamba, unapata robo.

Kona nazo zipimwe

Hesabu ya urefu mara upana ni sahihi pale tu kona zote nne ni pembe mraba. Chukua fremu ya vijiti vinne, isukume kwa ubavu mpaka ilale. Pande hazikubadilika hata inchi moja, na mzingo ni ule ule, lakini ndani pamebana. Kiwanja nacho kinaweza kulala hivyo. Kina mita 30 na 20 kila upande, lakini eneo halifiki 600.

Dawa yake ni kupima ulalo, yaani mstari wa kona kwa kona. Katika mstatili wa kweli, ulalo wa kwanza na wa pili ziko sawa. Kwa kiwanja cha 30 kwa 20, kila ulalo ni karibu mita 36.06. Ukikuta mmoja 38 na mwingine 34, kiwanja kimelala. Mafundi wanapoweka msingi hutumia njia ya 3, 4, 5. Pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili. Umbali baina ya ncha hizo ukiwa mita 5 kamili, kona ni pembe mraba.

Kiwanja kikiwa na umbo la kuvunjika, kama herufi L, kigawe katika mistatili miwili, tafuta eneo la kila mmoja, kisha jumlisha. Angalia tu usihesabu sehemu moja mara mbili.

Mfano wa nyumbani, vigae

Turudi kwenye chumba cha mita 5 kwa 4. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kina eneo la 0.6 × 0.6, yaani mita za mraba 0.36. Gawa 20 kwa 0.36, unapata 55.6, kwa hiyo vigae 56. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, nunua 62. Hapo umetumia eneo. Kwa ukanda wa vigae unaopita chini ya ukuta, tumia mzingo, mita 18, toa upana wa mlango, tuseme sentimita 90, unabaki na mita 17.1. Chumba ni kimoja, ununuzi ni wa namna mbili, na kila mmoja una kipimo chake. Katika miaka yangu ya bohari niliona watu wengi wakirudi dukani mara ya pili kwa sababu ya kuchanganya haya mawili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, omba urefu wa kila upande, upande kwa upande, si jumla yao. Pili, uliza kipimo ni mita au futi, na kiandikwe. Tatu, pima ulalo zote mbili. Nne, zidisha mwenyewe, urefu mara upana, uandike jibu kwa mita za mraba. Tano, linganisha jibu lako na lile lililoandikwa kwenye hati, na yakikhitilafiana usilipe mpaka mpimaji aje. Sita, mkigawana ardhi ndugu kwa ndugu, gawaneni kwa eneo na kwa thamani, msigawane kwa seng'enge.

La saba ni langu mwenyewe. Mwenzako akikwambia usijali, nimekwisha kupima, hata akiwa ndugu yako, hata akiwa amesoma, mwombe akuonyeshe hesabu. Kuomba hivyo si kumvunjia heshima. Laiti dada yangu angeniomba siku ile, ningeandika 50 mara 50 na 80 mara 20 kwenye kipande cha karatasi, na tungeliona jambo lenyewe pale pale, tumesimama juu ya ardhi.

Dada yangu duka lake alilifungua kwenye kipande kile kile chembamba kando ya njia, nalo lipo mpaka leo. Nikienda Tanga huninunulia soda, kisha huniuliza mbele za watu chupa hiyo ina mzingo gani.

Wasaalam.